Kale kandege kanatikisa nyuma ku mawe ya ziwa, mwezi wa tano kanaendaka wapi?

Mama mmoja mwenye anauza sambaza, tusamaki tudogo twa Ziwa Kivu, ku beach Muhanzi, hapa Bukavu, ameniandikia swali refu, nalifupisha: "Mwalimu, kuna kandege kadogo, juu kahawia, tumbo nyeupe, kila asubuhi kako ku mawe na ku pirogi zetu kanatikisa nyuma bila kupumzika kama mtu mwenye anasikia muziki. Kanakujaka mwezi wa nane, mwezi wa tano kanapotea. Sijawahi kuona kiota chake, wala yai, wala katoto kake. Bwana yangu anasema hakaendi popote, kanajificha mu mashimo ya mawe kiangazi ikifika. Mimi nakataa lakini sina la kumujibu. Kanaenda wapi? Na mwaka uliopita mwezi wa sita nilikaona kamoja, ile sasa ilikuwa nini?"

Mama, aksanti sana. Kwanza tarehe zako ziko sawa kabisa, mi nafundisha biolojia na miaka mingi natembea pembeni ya hili ziwa na jumeli shingoni, lakini ungenipa ile miezi bila kusema ni nani aliiandika ningejua ni mtu wa kazi yetu. Na kwa bwana yako uko na haki, ila yeye tutarudi kwake, ju hakukosea peke yake, kuna wakubwa sana walikosea vile vile.

Huyo ndege Kiswahili cha vitabu kinamuita kitwitwi, jina lenye linabeba jamii nzima ya hawa tundege twa pembeni ya maji. Wafaransa wanamuita chevalier guignette, wataalamu Actitis hypoleucos, maneno yametoka Kigiriki, la kwanza ni mkaaji wa pwani, la pili mweupe chini, yaani ile tumbo uliyosema. Lakini jina lenye napenda mimi ni la Warusi, wanamuita perevozchik, maana yake mvushaji, ju ukimukaribia anaruka chini chini karibu aguse maji anaenda ng'ambo ya mto, ukimufuata anarudi ng'ambo ya kwanza, siku nzima anavuka anarudi, anavuka anarudi. Mtu mwenye amekaa Muhanzi anaangalia pirogi za kisiwa cha Idjwi zinaenda zinarudi, hilo jina halimushangazi.

Nataka nikuwe hakika tunasema ndege mmoja, ju mjini kuna mwingine mwenye anatikisa mkia pia, ile bergeronnette nyeusi na nyeupe, mkia mrefu, inaimba ku paa la nyumba, inatembea mu parsele katikati ya kuku bila woga. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Wagesera wa Rwanda wanaihesabu kama ndege wa ukoo wao, wanaiita inyamanza. Ile ni ya hapa, inazaa hapa, tuko nayo mwaka mzima. Kitwitwi ku paa humuoni sana, yeye na maji tu, mkia wake mfupi, mdomo umenyooka, na chenye kinatikisika si mkia peke yake, ni nyuma yote kuanzia kiunoni. Halafu angalia fasi bawa linakutana na kifua, kuna weupe unapanda mbele ya bega kama kidole. Ukiona kile kidole, ni yeye. Akiruka unaona mstari mweupe umepita ku bawa, na hapigi mabawa kama ndege wengine, anayapiga kidogo kidogo kwa kushtuka, anayashika yameinama, anateleza, anapiga tena, na sauti nyembamba kali, swi-wi-wi-wi, yenye inafika mbali juu ya maji.

Mwezi wa pili nilikuwa huko kwenu saa 12 na nusu asubuhi. Kulikuwa pirogi ya zamani imepinduliwa, na mtu alikuwa amemwaga pale maji ya kuoshea sambaza, magamba na vichwa, inzi wamejaa. Kitwitwi akapanda ku mbao za pirogi, anatikisa, anatikisa, akaona inzi, na ile nyuma ikanyamaza. Miguu ikakunjika, shingo ikanyooka mbele kama paka, hatua moja, anangoja, hatua ya pili, anangoja, halafu mdomo pap! Inzi ameisha, nyuma ikaanza tena. Mu dakika kumi nilihesabu inzi 14, na wengine watatu aliwakosa. Njo chakula chake hicho, wadudu, buibui, minyoo, tukaa tudogo, saa zingine kasamaki kadogo sana fasi maji ni ya kina kifupi. Sambaza yako haibi, anakusaidia tu na inzi, na mshahara hakuombi.

Sasa swali lenyewe. Anaenda Bulaya na Urusi, na kule anaenda kuzaa.

Kitwitwi anataga kuanzia Uingereza na Hispania, kupita Ufini, sehemu kubwa ya Urusi, mpaka Japani, na baridi ikikaribia wote wanashuka kusini, wengine Afrika, wengine India, wengine mpaka Australia. Wale wa Uskoti, watafiti waliwafunga mgongoni vifaa vidogo vya gramu moja hivi vyenye vinaandika mwangaza wa kila siku, ju ukijua jua limetoka saa ngapi na limezama saa ngapi unaweza kuhesabu ndege alikuwa wapi, wakakuta wanaenda pwani ya Afrika Magharibi. Sisi huku mashariki tunapata zaidi wale wa Ulaya ya mashariki na Urusi. Chukua ramani ya mtoto wako ya masomo, weka rula pa Bukavu, panda kaskazini bila kupinda: Ziwa Albert liko pembeni tu, Sudan Kusini, jangwa la Sudan, Misri, bahari ya Mediteranea, Uturuki, Ukraine, Belarusi, na rula inakufikisha karibu na Saint-Pétersbourg. Ni kilomita kama 7,000. Sisemi kila kitwitwi wa Muhanzi anafuata rula, ila ujue ni safari ya namna ile, na mwenye anaifanya ana gramu 50 hivi, yai moja la kuku linaweza kumuzidi uzito.

Anasafiri usiku, peke yake au na wachache. Jua likizama, nyota, na nguvu ya sumaku ya dunia, njo vitu vyenye vinamuonyesha njia, hivyo vyote vimepimwa kwa ndege wa safari. Esanse yake ni mafuta ya mwili. Mwezi wa tatu na wa nne muangalie vizuri, anakula bila kuinua kichwa, kifua kinajaa, anatoka kandege kembamba anakuwa mviringo, yote ile anaiweka chini ya ngozi, ju katikati ya Sahara hakuna stesheni.

Tuje kwa papa wa nyumbani. Muambie Aristoteli, yule mwanafalsafa wa Wagiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita aliandika kwamba mbayuwayu wengine hawaendi mbali, wanajificha mu mashimo na manyoya yanawatoka. Na Linnaeus, yule Mswidi mwenye mwaka 1758 alimupa kitwitwi wetu lile jina hypoleucos, yeye aliamini mbayuwayu wanalala baridi yote chini ya maji ya ziwa! Kwa hiyo bwana yako yuko mu kundi la wasomi, asione haya. Chenye kilianza kuvunja yale maneno ni korongo mmoja wa mwaka 1822, walimuua Ujerumani wakakuta ana mkuki umemupita shingoni, urefu kama sentimita 80, mbao na chuma vya Afrika ya kati. Mtu wa huku alimuchoma, hakufa, akaruka na mkuki mpaka Bulaya. Walimukausha, mpaka leo yuko mu chuo kikuu cha Rostock na mkuki wake. Mi kila nikifundisha hii sehemu wanafunzi wanacheka, halafu mmoja anauliza, yule mwenye alitupa mkuki, hakuna mtu alimutafuta amulipe? Baadaye, 1899, mwalimu mmoja wa Danimarki, Mortensen, akaanza kufunga ndege pete ya alumini ku mguu, yenye namba na anwani, na tangu pale hatuhitaji tena mikuki.

Kule juu sasa. Anafika mwisho wa mwezi wa nne au mu wa tano, anatafuta mto wenye mawe au pembeni ya ziwa, dume anaruka akizunguka huku anaimba, jike anachagua. Kiota ni kashimo ku udongo tu, kamewekwa majani kidogo, kamefichwa mu nyasi, kwa hiyo hata ungekuwa kule pengine usingekiona. Mayai kwa kawaida ni 4, na shika hii, ukiyaweka yote ku mizani uzito wake unakaribia uzito wa mama mwenyewe. Wanaatamia wote wawili, dume na jike, siku kama 21. Kifaranga akitoka mu yai anakauka tu, saa chache anatembea, anajitafutia wadudu mwenyewe, hakuna mwenye anamulisha, wazazi wanamulinda na kumufunika baridi ikikuwa kali. Mu wiki 4 hivi anaruka. Na mara nyingi mama haingoji ile siku, anaondoka mbele, anamuachia baba watoto. Niliposema hivyo mu darasa moja wamama walipiga makofi.

Ju ya nini asizae hapa fasi kuna joto na inzi mwaka mzima? Ju ya mchana. Hapa jua linatoka na kuzama saa zile zile, mwezi wa kwanza ni sawa na wa saba, masaa 12 basi. Kule mwezi wa sita usiku karibu haupo, na wadudu wenye walikuwa wamelala chini ya theluji wanatoka wote mara moja kama watu wa soko siku ya Krismasi, kwa hiyo kifaranga anaweza kula masaa 18 au zaidi kwa siku moja, na ndege wa kugombania naye si wengi kama hapa. Halafu ule mlango unafungwa. Mwezi wa kwanza maziwa ya Ufini yanakuwa magumu kama simenti, gari inapita juu. Kitwitwi na mdomo wake mwembamba atafanya nini ku ile simenti?

Kwa hiyo hesabu. Anafika kule mwezi wa tano, mwezi wa saba wakubwa wameanza kushuka, si miezi mitatu kamili. Hapa kwetu ni kuanzia wa nane mpaka wa nne. Vitabu vya Bulaya vinamuandika kama ndege wao mwenye anakujaka Afrika kupitisha baridi, mgeni, mtalii. Mi hilo nakataa kila mwaka na nitaendelea kukataa. Kuna wamama wa hapa wanapanda ndege na mimba ya miezi saba wanaenda kuzalia Bulaya, wanarudi na mtoto na karatasi zake, na hakuna mwenye anasema yule mama ni mgeni Bukavu. Kitwitwi ni vile vile, ila karatasi hana.

Na si miezi tu. Manyoya ya bawa, yale makubwa ya kurukia, yanachakaa, lazima yatoke moja moja na mapya yaote, na mkubwa wa kitwitwi hiyo kazi haifanyii kule, anaifanyia Afrika, pole pole, miezi na miezi, ju hawezi kutoka yote mara moja akabaki bila kuruka. Maana yake bawa lenye linamuvusha Sahara mwezi wa nne limejengwa na inzi wa Muhanzi. Mabaki ya chakula na maji ya fasi fulani yanabaki mu unyoya, maabara inaweza kuupima na kujua eneo gani ulikulia. Tena kila mmoja yuko na kipande chake cha mawe, mwingine akiingia anamufukuza, na mara nyingi mwaka unaofuata anarudia fasi ile ile. Jioni tu njo wanasahau ugomvi, wanakusanyika kulala pamoja. Kwa hiyo yule wako wa asubuhi, kuna uwezekano mkubwa ni yule yule wa mwaka jana, mnajuana.

Yule wa mwezi wa sita ni kijana. Wazazi wanashuka kwanza, watoto wanafuata nyuma peke yao, bila mkubwa wa kuwaonyesha, mtoto wa miezi miwili hajawahi kuona Afrika na anaifika, njia iko mu damu. Hao vijana utawajua mwezi wa nane na wa tisa, manyoya ya bawa yana mistari ya rangi hafifu pembeni kama magamba ya samaki. Ikifika mwezi wa nne wengine hawajakuwa tayari kuzaa, sasa kuruka kilomita 7,000 kwenda kuangalia wengine wanazaa ni ya nini, wanabaki. Si mgonjwa, si mzee, usimuonee huruma.

Umesema muziki. Kifaranga anatikisa nyuma tangu siku zake za kwanza, kwa hiyo hakufundishwa. Wataalamu wako mu makundi, wengine wanasema anajificha, ju mawimbi yanacheza na mwangaza unacheza, kitu chenye kinatikisika katikati ya vitu vinatikisika hakionekani. Wengine wanasema ni ujumbe kwa kipanga, nimekuona, usijichoshe. Mi niko kundi la pili, ju nikimukaribia anaongeza, nikikaa chini anapunguza, na akianza kuwinda anaacha kabisa kama ulivyosikia. Kipanga akimushukia kweli juu ya maji, hiyo tena si kutikisa, anazama! Anaingia chini ya maji kwa mabawa, anatokea mbele kidogo. Fundi.

Kuhusu uchafu hukuniuliza ila nitasema kidogo. Mvua ikinyesha chupa za plastiki zote za milima yetu zinashuka mu ziwa, zinaelea mpaka fasi Ruzizi inatoka, kule ku baraji ya umeme ni shida yenye kila mtu anaijua. Nimeona kitwitwi anatembea juu ya zile chupa, zinazunguka chini ya miguu, yeye anashika mizani kama mtu wa sarakasi, anaokota tududu katikati. Hazijamufukuza. Chenye kinamufukuza ni ukuta. Kila mtu mwenye amenunua parsele pembeni ya maji anajenga ukuta wa mawe na simenti mpaka ndani ya ziwa, wima, na kitwitwi anahitaji ule mteremko mdogo wa mawe na tope, hatua mbili tatu tu za kutembea. Ku Nguba, mtaa wa hapa Bukavu, kuna fasi nilikuwa nawahesabu watano mu asubuhi moja, leo kuna ukuta mrefu na ua ya kupendeza, nahesabu mmoja, na huyo yuko ku pirogi ya mlinzi.

Ukimuokota amekufa, watoto wetu na mawe unawajua, angalia miguu. Ukikuta pete iandike namba yote na maneno yote, inaweza kuwa Helsinki, inaweza kuwa Moskwa, piga picha uniletee. Akiwa mzima na pete usimukamate.

Na papa kama bado anabisha, muombe aingize mkono mu yale mashimo ya mawe mwezi wa sita, polepole, ju mwenye anakaa mule ni kaa na anauma. Wewe nifanyie kitu kimoja: kuanzia tarehe 20 ya mwezi wa saba angalia ile pirogi iliyopinduliwa kila asubuhi, siku utasikia swi-wi-wi uandike tarehe ku daftari lako la madeni, hapo hapo pembeni ya majina ya wenye hawajalipa.